Sekunde Kumi za Mwalimu Muriithi

Mwalimu Muriithi alikuwa mtu wa joto aliyeishi miaka ishirini na sita kwenye baridi. Kwao ni Gachoka, kule chini Mbeere, ambako jua halina mzaha. Kazi ndiyo iliyompandisha Kibirichia, kwenye viazi na ukungu, afundishe kompyuta katika chuo kidogo cha ufundi. Alikuja na sweta moja. Alipostaafu mwaka huu alikuwa na sweta saba, zote zimefumwa na mkewe Lydiah, ambaye sisi wanafunzi tulimwita Mama Njiru kwa jina la kifungua mimba wao.

Mimi ni Antony Mutwiri. Natengeneza kompyuta pale Nchiru, kwenye kibanda kilichobanwa kati ya hosteli mbili. Wanafunzi wa chuo kikuu huniita Engineer mashine ikiharibika na Mutwiri ikishapona. Nimewazoea.

Kila ninachokijua kilianzia kwenye maabara ya Mwalimu. Nasema maabara, lakini lilikuwa ghala la viazi lililopakwa chokaa, na mvua ikinyesha harufu ya viazi ilirudi kama mwenye nyumba. Tulivua viatu mlangoni kwa sababu ya matope, tukasoma na soksi kwenye sakafu ya saruji, vidole vimekufa ganzi. Kompyuta zilikuwa tano na sisi ishirini na wawili. Waliosubiri zamu walichorewa kibodi kwenye kadibodi, wakafanya mazoezi ya kuchapa humo. Karimi, tuliyesoma naye darasa moja, mpaka leo anadai hakuna kibodi iliyomtii kama ile ya kadibodi. Mama Njiru alizishonea kompyuta zote vifuniko vya kitambaa cha maua, na saa nne alivuka uwanja na chupa kubwa ya chai. Nimekunywa chai mahali pengi tangu wakati huo. Sijaipata ile.

Mwaka 2011, wiki ya mwisho ya masomo, tulipiga picha ya darasa nje ya ghala. Mwalimu hakutaka kusimama katikati. Alienda mwisho kabisa kushoto, na Mama Njiru, aliyekuwa akipita na chupa yake, tukamvuta asimame kando yake. Mimi ndiye niliyekuwa na simu yenye kamera nzuri, na mimi ndiye niliyejifanya mjuaji.

Kompyuta ya Mwalimu ilikuwa na mifumo miwili ya kuiendesha, Linux na Windows. Mashine ya namna hiyo ukiiwasha, inatangulia programu ndogo iitwayo GRUB, inayokuuliza unataka kuingia wapi. Ya Mwalimu nilikuwa nimeipangia sekunde kumi. Usipochagua, inachagua yenyewe. Nikaamua kuiweka picha yetu nyuma ya maandishi hayo, iwe zawadi. Mara ya kwanza nyuso zilivutika zikatanuka, Karimi akanuna kwamba nimempa mashavu ya watu wawili. Basi nikaiagiza GRUB isivute chochote, kisichotoshea kikatwe. Ikakata. GRUB ilitumia sehemu ya katikati tu ya skrini; humo tukabaki sisi wanafunzi, na kulia na kushoto ikawa nyeusi tii. Nilimwambia Mwalimu hiyo ndiyo staili ya kisasa. Akashukuru.

Nikaenda zangu na maisha.

Mama Njiru aliugua mwaka uliofuata, akaugua muda mrefu, akafariki 2017. Baada ya mazishi Mwalimu alinipigia simu. "Mutwiri, ile picha uliweka kwa kompyuta, iko nzima mahali?" Nikamwambia simu yangu iliibwa Meru mjini zamani, picha ikaenda nayo. Akasema ni sawa, akaniambia niwasalimie watu wa nyumbani, akakata. Sikujiuliza kwa nini mtu aliyezika mke wiki hiyo anatafuta picha ya darasa. Nikikumbuka hilo mpaka sasa naona haya.

Mwezi Julai mwaka huu ni Karimi aliyepiga. Siku hizi yeye ndiye msaidizi wa Mwalimu pale chuoni, na ndiye aliyepangiwa kuachiwa funguo.

"Mwalimu anaenda Ijumaa. Anarudi kwao Gachoka, for good," akasema. "Kuja utoe hiyo weusi iko kando ya picha. Miaka kumi na nne anawasha machine na hajawahi jiona."

"Si angesema?"

"Mwalimu aseme? Na unajua ako na tabia fulani. Kila asubuhi akiwasha, anaweka mkono hapo kwa weusi, upande wa left, anaongea polepole. Sisi huwa tunasema anahesabu zile sekunde."

Nilipanda Kibirichia Jumatano na begi langu la vifaa. Nilipofungua folda ya GRUB nilikaa kwenye kiti kwanza. Picha ilikuwa humo, nzima, jinsi nilivyoiweka. Simu iliibwa, lakini picha haikuwahi kuibwa. Pale kushoto alikuwa Mwalimu kwenye sweta ya kijani, na kando yake Mama Njiru na chupa ya chai kifuani, anacheka kwa sababu tumemvuta. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba alikuwepo. Mwalimu hakuwa amesahau. Nilijichukia, nasema wazi.

Kazi yenyewe ukiisikia utadhani ni ya dakika mbili. Kuna mstari mmoja kwenye mipangilio unaoiambia GRUB itumie skrini ya nukta ngapi kwa ngapi. Skrini ile ni nukta 1366 kwa 768. Nikaandika hivyo, nikawasha upya. Weusi ule ule. Nikaandika tena kwa namna nyingine. Weusi. Ilipofika adhuhuri nilikuwa naitukana mashine kwa Kimeru, na Karimi ananiletea viazi vya kuchemsha nisije nikaipiga teke. Nilijua nikishindwa mpaka Ijumaa, Mwalimu atateremka Gachoka na mkewe atabaki gizani kwa mkono wangu.

Jioni ndipo nilipofanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya asubuhi. Niliingia ndani ya GRUB yenyewe, kwenye ule mstari mtupu wa kuandika amri, nikaiuliza kadi inayoendesha skrini inajua vipimo gani. Ikaniletea orodha. 1366 haikuwemo. Ilikuwemo 1360 kwa 768. Siku nzima nimekuwa nikiiamuru kitu isichokijua, badala ya kuiuliza inachokijua. Tungepoteza nukta tatu kila upande, ambazo hazifiki hata kifungo cha sweta. Nikaandika 1360. Maandishi yakawa madogo kama siafu, nikayakuza. Ilipowaka tena, Karimi alishika mdomo.

Ijumaa kulikuwa na maombi, chai na hotuba ndefu kuliko chai. Kisha Karimi akamwomba Mwalimu awashe mashine mara ya mwisho. Akavua viatu mlangoni, ingawa siku hizi kuna vigae na hakuna anayevua. Akabonyeza. Skrini ikiwa bado giza, akanyoosha mkono kwa mazoea, akauweka kushoto.

Picha ikaja chini ya kiganja chake. Akauondoa mkono taratibu, kidole kwa kidole, na Mama Njiru akawa hapo, mzima, anacheka na chupa yake.

Kwenye kona namba zilikuwa zikishuka. Tisa. Nane. Mwalimu alisema jambo kwa Kimbeere, kwa sauti ya mtu anayeongea na aliye karibu, na nilielewa vizuri kabisa. Alikuwa anamwamkia. Wala hakuwahi kuhesabu sekunde.

Sifuri ilipofika, picha ikatoweka na Linux ikafunguka. Alibaki ameangalia pale picha ilipokuwa.

"Mutwiri, hizi sekunde kumi ni nani aliweka?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Inaweza kuongezwa?"

Nikaketi, nikafungua mipangilio, nikaiondoa hesabu yote. Sasa GRUB inasubiri. Haiendi popote mpaka mtu abonyeze. Karimi akamwambia chuo kimekubali aende na mashine, ni mzee kama yeye, nani mwingine angeitaka. Mwalimu alicheka, kisha akalia, na sisi pia. Tuliifunika kwa kile kitambaa cha maua, tukaipakia kwenye pikapu pamoja na gunia la viazi.

Nimemchapia picha ya karatasi pia, na ananiambia iko ukutani sebuleni. Wiki iliyopita nilimpigia kumjulia hali. Nikamuuliza Linux inaendeleaje, maana mashine ni kuukuu, au nishuke nimwekee kitu chepesi zaidi.

"Hata sijui, Mutwiri," akasema. "Tangu nifike sijaingia huko ndani. Asubuhi nawasha, tunakunywa chai, halafu nazima."