Kondoo wa Kumi na Moja wa Merv Doecke

Merv Doecke alinyoa kondoo tangu ana miaka kumi na saba, na kazi hiyo ikamlipa fadhila ya punda. Alipofika arobaini na minane, diski mbili za kiunoni zilikuwa zimelika, mguu wa kushoto ulimwaka moto hadi kwenye kidole gumba, na hata kuvaa suruali alisaidiwa na mkewe, Lorna. Banda la kunyolea likamtema. Akapata ajira kwenye shamba la utafiti nje ya mji wa Kapunda, kulisha kondoo waliochanwa migongo makusudi.

Usicheke, ndivyo kazi yenyewe ilivyokuwa. Diski, kile kimto kilichopo kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo, ndani yake hakuna mshipa wa damu. Seli zake chache huishi kwa kunyonya kinachovuja kutoka mfupani, kwa hiyo ikichanika, imechanika. Dakta Pascoe, mwanamke mfupi asiyependa porojo, aliotesha maabarani seli za gegedu, ule mfupa laini, akazichanganya na jeli, akazitia ndani ya diski zilizoharibiwa. Nusu ya kondoo walipata jeli. Nusu walipata maji ya chumvi, ili kuwe na cha kulinganisha. Nani kapata nini ilikuwa siri ya bahasha, hadi siku ya kuwachinja na kupasua uti wa mgongo kwa msumeno.

Merv ndiye aliyeshika vichwa vya kondoo mezani, na Merv hakuwa mjinga. Maji yaliingia mara moja, hujahesabu hata tatu. Jeli ni nzito. Kidole cha daktari kilitetemeka kwenye bomba la sindano na wewe ukahesabu hadi ishirini. Akawa anaandika ubashiri wake kwa chaki nyuma ya mlango wa zizi. Bahasha zilipofunguliwa, alikuwa amepatia kondoo ishirini na watatu kati ya ishirini na wanne.

"Daktari, siri yenu haina mlango," alijisifu wakati wa chai, mdomo umejaa keki. "Mtu yeyote anayejua kuhesabu anaijua."

Dakta Pascoe hakucheka. Alitoa daftari, akaandika. Merv akadhani amesifiwa.

Zamu ya kuwajaribu binadamu ilipofika, Merv aliomba naye adungwe. Kanuni zilikataza wafanyakazi, basi akaacha kazi.

"We mwanaume una akili kweli?" Lorna aliuliza. "Si umewaona kondoo wenyewe?"

"Mimi hawanichinji, Lorna. Nataka kurudi bandani kabla sijafa. Basi, sitaki kingine."

Huko hospitalini mjini Adelaide, Dakta Pascoe alimweleza masharti ana kwa ana. "Nisikilize, Merv. Mwaka mzima usinyanyue kitu kinachozidi kilo tano. Kumi mtapewa jeli, kumi maji, na hata mimi sijui wewe utapewa nini. Mwaka ukiisha tunafungua bahasha, na aliyepewa maji tunampa jeli, ilimradi ukuta wa diski yake uwe mzima. Ukipasuka, hakuna pa kuiweka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, daktari."

Hakuelewa kitu. Alikuwa anaisubiri sindano tu, na ilichomwa na daktari mwingine asiyemjua. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: Merv alipiga ukelele uliowashtua wauguzi, kisha akang'ata shuka na kuanza kuhesabu. Tano. Kumi na mbili. Bado inasukumwa. Ishirini! Akacheka peke yake, uso chini, mate yakilowesha shuka.

Na mgongo ukatulia, sitasema uongo. Mwezi wa tatu alivaa suruali mwenyewe. Mwezi wa nne alicheza na Lorna jikoni, na Lorna akalia kwa furaha, jambo ambalo si desturi yake. Mwezi wa tano akaenda kwa Dud Kleinig, msimamizi wa wanyoaji.

"Jamani, babu kafufuka!" Dud alipaza sauti. "Kaburini walikufukuza kwa sababu ya harufu?"

"Nipe mashine, Dud, na utafute leso ya kufutia machozi."

"Daktari wako kasemaje?"

"Kasema mwaka. Hayo ni ya wale wa maji. Mimi nilihesabu ishirini."

Lorna alimsihi. Miezi saba, alisema, miezi saba tu, Merv, utasubiri huku nakupikia. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya kwanza alinyoa kondoo themanini na akaimba njia nzima kurudi nyumbani. Siku ya pili, kondoo wa kumi na moja alikuwa dume zito la Merino, wale kondoo wa sufi nyingi. Lilirusha teke Merv akiwa ameinama, naye akajipinda kulizuia. Hakuanguka. Alikaa chini polepole, akajikojolea mbele ya watu wote, na hakujua kama amejikojolea. Dud alikuwa na mzaha tayari mdomoni, akaumeza.

Madaktari walimpasua wakaondoa kilichomwagika kutoka kwenye diski iliyopasuka. Miguu haikurudi.

Mwaka ulipotimia, Dakta Pascoe alikuja nyumbani mwenyewe. Alimkuta Merv kwenye kiti cha magurudumu, Lorna kando yake. Akafungua bahasha mezani.

"Maji," alisema.

"Uongo! Nilihesabu ishirini."

"Kila mtu alisukumiwa kwa hesabu ya ishirini, Merv, jeli na maji. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Lakini nilipona! Lorna, mwambie. Nilicheza!"

"Uliamini. Maumivu yakasinzia. Diski haikuwa na habari."

Merv alisogeza kiti karibu na meza. "Haya, basi nipe jeli. Ulisema mwaka ukiisha mnatoa."

"Ukuta umepasuka."

"Ulisema mnatoa!"

Dakta Pascoe alikunja ile karatasi mara mbili, kisha mara ya tatu. Merv alimtazama mikono, akauliza, "Waliopata jeli wamepona?"

"Wengi wao."

"Na wale wenzangu wa maji?"

"Wanadungwa jeli Jumatatu. Wote tisa."

"Tulikuwa kumi."

"Ndiyo," alisema daktari. "Mlikuwa kumi."

Lorna aliinuka, akasema anakwenda kuanua nguo, na hakurudi ndani hadi gari la daktari lilipoondoka.