Nywele Zilizogoma Kunyooka

Nywele zikiungua pamoja na mafuta ya nazi hutoa harufu yake ya pekee, na hadi leo nikiisikia napandisha mabega kuficha masikio. Masika ile nilikuwa darasa la tano, kwetu Matombo, na dada Felista, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa anaolewa. Nilichaguliwa kubeba kikapu cha maua mbele ya bibi harusi, na wiki nzima sikuwa na hadithi nyingine. Shangazi Paulina akaja kutoka mjini na chanuo lake la chuma, akaliweka kwenye jiko la mkaa, akanichoma nywele kuanzia kisogoni hadi kwenye paji, na sikio moja nalo halikusalimika. Nilipomaliza kulia nikapewa kioo. Nywele zilinifika shingoni. Nilipendeza, siwezi kusema uongo.

Shangazi alisahau yuko wapi. Wakati wa masika ukungu wa Uluguru huingia hata kwenye sanduku la nguo. Tulipofika mlangoni mwa kanisa la misheni, manyunyu yalikuwa yameshamaliza kazi: nywele zilikuwa zimejikunja vilevile kama nilivyozaliwa nazo. Shangazi akashika kiuno, akaagiza mkaa.

"Kaa hapa nikuchome upya. Wakwe wametoka Dar, watatuonaje?"

"Sikai, shangazi. Ukinichoma tena, nakwenda kusimama kwenye mvua."

Watu waligeuka kututazama. Kwetu mtoto hamjibu shangazi yake hivyo. Akaninyang'anya kikapu, akampa binti wa jirani, akaniambia nikae nyuma nisiharibu picha. Nililia kwa hasira, lakini sikukaa nyuma. Nilichuma maua ya uani mwa misheni, nikaweka kwenye upindo wa gauni, nikatangulia mbele ya kikapu chao, kichwa juu. Dada Felista aliniona, akacheka ndani ya shela. Jioni nilichapwa, na nilichapwa sawasawa.

Miaka baadaye, nikiwa sekondari mjini, mwalimu wa kemia alitufundisha bondi za haidrojeni. Nyuzi za protini ndani ya unywele, alisema, hushikana kwa bondi nyingi ndogo. Moja moja ni dhaifu, zikiwa pamoja zinashika umbo. Joto huzivunja, na unywele ukipoa zinajifunga upya mahali chanuo lilipotaka. Maji yakiingia, zinaachia tena, na unywele unarudi kwenye umbo lake la asili, kwa sababu linashikiliwa na bondi nyingine zenye nguvu zaidi ambazo chanuo haliziwezi. Nilicheka peke yangu hadi nikasimamishwa. Sikuwa mtoto mkaidi tu. Kemia ilikuwa upande wangu.

Sasa nami nafundisha kemia hapa Morogoro, na saluni zimejaa dawa zinazovunja hata zile bondi kubwa. Anayetaka na atie, kichwa ni chake. Mwezi uliopita binti yangu alichaguliwa kubeba maua kwenye harusi, na shangazi Paulina, mzee sasa, akatoa chanuo la umeme. Mtoto akatikisa kichwa.

"Sitaki, bibi."

Shangazi akasimama na chanuo mkononi, akanitazama mimi, kisha akalichomoa kwenye umeme na kuomba mafuta ya kumpaka. Hakuna aliyechapwa. Nilimwonea wivu mwanangu, wivu wa kweli, nikamkabidhi kikapu chake.