Muzee wa Mageti

Pale Kinyinya kila mtu anamwita Muzee, huyu fundi wa kuchomelea mageti. Kichwa cheupe, shingo imekunjamana, vidole havitulii: akipita kwenye geti lolote anakwaruza kutu kwa ukucha, ananusa, anasikitika. "Hewa inakula chuma polepole," anasema na sauti yake ya kukauka. "Rangi ikitoka tu, hewa imeingia." Kwenye kituo cha afya walimwambia moshi wa kazi unamfanyia hivyohivyo ndani ya mwili, unamla, unamzeesha. Yeye akacheka. Maziwa yanaosha, bwana. Kila akimaliza geti anakunywa ikivuguto, maziwa ya kuganda, kikombe kizima, anakohoa, anawasha mashine tena bila barakoa. Ngabo, anayechomelea naye mwaka wa pili sasa, anakunywa vilevile.

Jana mwanamke mmoja akaleta ndoo ya maziwa, nywele nyeusi, mwendo wa haraka. "Muzee, kumbe mke wako bado kijana hivi," Ngabo akatania.

Mwanamke akaweka ndoo chini taratibu. "Huyu nimemuzaa mimi."

Ngabo akaangalia nywele nyeusi za mama, akaangalia kichwa cheupe cha mwana.

"Na wewe kunywa, mwanangu," mama akamjazia kikombe. "Yaoshe kifua."

Ngabo akakipokea kwa mikono miwili. Akakiweka chini bila kunywa, akauliza barakoa zinauzwa wapi.