Anwani ya Pili ya Seva

Kabla ya kubonyeza, fundi wa kompyuta husoma namba kwa sauti, moja moja, kama anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini. Leo anaiongezea seva iliyoko Nairobi anwani ya pili ya mtandao, na Mama Akwii, mwenye ofisi hii ya kutoa mizigo forodhani Malaba, amesimama nyuma yake. Malori yanasubiri mpakani.

"Dada, bonyeza basi!"

Fundi anapangusa kidole kwenye sketi, anabonyeza. Skrini inaganda. Seva imepotea, na vibali vyote vya malori vimo humo. Fundi amekunja mikono kwapani, hagusi kitu.

Kisha skrini inazinduka.

"Niliiambia seva, ikipoteza mawasiliano nami, ijirudishe yenyewe vile ilikuwa," anasema. "Mimi hukosea, mama."

Anaanza kusoma namba upya, na safari hii Mama Akwii anasoma naye.