Gaudensi Alipoikalia Kabari ya Jeti Mpya

Shirika letu lilipoongeza jeti mbili mpya kwa safari za ndani, mwaka 2004, wakubwa walitushonea sare na kutufundisha kutabasamu. Nilikuwa mkata tiketi pale uwanja wa ndege wa Mtwara. Gaudensi hakushonewa wala hakufundishwa kitu, ingawa bila yeye hakuna ndege yetu iliyowahi kuondoka pale.

Alikuwa mpakiaji mizigo, Mmakonde wa Mpapura, mfupi, mabega mapana, mkaidi kwelikweli. Ndege ikisimama, yeye ndiye aliyeweka kabari za mbao kwenye magurudumu, na ikitaka kuondoka ndiye aliyezitoa. Kazi yake nyingine haikuandikwa popote: kupakia wagonjwa. Kila masika barabara ya Dar es Salaam ilikuwa tope tupu, malori yanalala njiani wiki nzima, kwa hiyo wenye rufaa waliletwa uwanjani wamelala kwenye vitanda vya kamba. Gaudensi alikuwa na kitanda chake, alichokikata miguu mwaka 1991 ili kipite kwenye mlango wa zile ndege ndogo za zamani. Rubani anakunja viti, Gaudensi anamwingiza mgonjwa taratibu, huku akimpigisha soga za korosho asiogope. Miaka kumi na tatu, na hakumwangusha hata mmoja.

Kisha ikaja jeti. Viti mia na kitu, ujia mmoja katikati, zulia safi mpaka unaona aibu kulikanyaga. Siku ya pili tu ya safari zake, Bakari wa Kitaya akamleta mama yake, Mwanahamisi, aliyevunjika nyonga. Daktari alisema apasuliwe Dar wiki hiyo hiyo, la sivyo hatatembea tena. Nilimkatia tiketi mwenyewe, kama tulivyozoea. Hakuna aliyekuwa ametuambia lolote.

Meneja wetu, Elia, alitoka ofisini mbio, tai ikipepea.

"Kitanda hicho kinakwenda wapi? Hii ni ndege mpya, si gari la wagonjwa! Humu abiria wote wanakaa."

"Nyonga imevunjika, bosi," Gaudensi alisema. "Atakaaje?"

"Mgonjwa wa kulala anaombewa kibali makao makuu siku kumi kabla. Ndiyo utaratibu mpya."

Siku kumi! Yaani nyonga ingeomba ruhusa kwanza, ndipo ivunjike? Abiria walikuwa arobaini na mmoja; orodha nilikuwa nayo mkononi. Viti zaidi ya sitini vilikuwa vinakwenda Dar kupunga upepo, na mama wa watu yuko juani. Nikaikunja orodha, nikaitia mfukoni. Nilikuwa na sare mpya na watoto wawili.

Gaudensi hakubishana. Alimsogeza mama kwenye kivuli cha bawa, akaenda kwenye gurudumu la mbele, akaikalia kabari.

"Toa kabari!" Elia akafoka.

"Nitaitoa mama akishapanda."

"Nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze. Lakini mama atapanda."

Elia akawageukia wapakiaji wengine wawili. Wote walikuwa wanatazama mawingu.

Mwishowe rubani akashuka kuuliza kulikoni. Elia akaanza kumsomea utaratibu. Rubani akamtazama mama, kisha akauliza nyuma kuna viti vingapi vitupu.

"Safu nane nzima," nikasema. Hilo tu ndilo nililosema siku hiyo.

Walilaza migongo ya viti vya nyuma, wakatandika godoro, na Gaudensi na Bakari wakampandisha mama ngazi zile ndefu, hatua kwa hatua. Kisha Gaudensi akashuka, akatoa kabari, akasimama pembeni anajifuta jasho.

Ndege ilichelewa dakika arobaini. Baada ya siku tatu Gaudensi akapewa barua ya kufukuzwa, na dakika zenyewe zimepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Wiki iliyofuata jeti hiyo hiyo ilisubiri zaidi ya saa mbili, abiria wamo ndani wanatoka jasho, kwa sababu mkubwa mmoja alikuwa hajamaliza chakula cha mchana. Nani aliandikiwa barua? Elia alimfungulia mlango wa gari huku akicheka mpaka jino la mwisho.

Baada ya miezi minne Mwanahamisi alirudi kwa jeti ile ile. Aliteremka ngazi kwa miguu yake, mkongojo mkono mmoja, kifurushi mkono wa pili, akaja moja kwa moja kaunta.

"Mwanangu, yuko wapi yule kijana aliyekalia gurudumu? Nimemletea shati."

Elia alijibu kabla yangu, bila kuinua kichwa. "Hapa hatuna mtu kama huyo, bibi."

Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nikafunga kitabu cha tiketi, nikazunguka kaunta, nikamshika mama mkono.

"Yuko Mpapura, mama. Twende nikupeleke."

"Tumaini! Unakwenda wapi na foleni yote hii?" Elia akaniita.

Mama alikuwa anatembea polepole, nami nikafuata mwendo wake.