Mita Iliyokimbia Alhamisi

Nilipoanza kazi katika ofisi ya misitu mjini Lindi, nilikaa Mtanda kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu. Nilikuwa nimetoka chuo, Uganda, na digrii, sanduku la vitabu, na tumbo lililoniuma kila nilipofikiri jambo kwa muda mrefu. Nami nilifikiri kila jambo kwa muda mrefu. Mama mdogo alikuwa akisema kwamba nikiulizwa kama nitakunywa chai, kwanza nayaonea huruma maji.

Nyumba yao ilikuwa na umeme. Mtaani kwetu jambo hilo lilitosha kuwa anwani. Watu walisema "nyumba ya taa", na hakuna aliyepotea. Baba mdogo, mumewe mama mdogo, alikuwa karani forodhani. Yeye ndiye aliyeomba waya uletwe, na aliulinda kama mtu alindavyo korosho ambazo bado hazijaokotwa. Tulikuwa na taa chache, redio, na pasi ya umeme aliyomnunulia mkewe. Pasi hiyo mama mdogo aliikataa mbele ya watu. Alisema chuma kinachopata moto bila makaa hakiaminiki, akairudisha kwenye boksi lake, na pasi yake ya makaa ikabaki pale pale kwenye pembe ya ukumbi.

Kisha mita ikaanza kukimbia. Msoma mita alikuja, akakitazama kile kisanduku cheusi cha barazani, akakitazama tena, akamwuliza baba mdogo kama amefungua kiwanda cha mkonge uani. Mwezi uliofuata alikuta imekimbia zaidi, na safari hii hakutania. Jioni hiyo, tukiwa kwenye sinia, baba mdogo alisema, "Humu ndani kuna mtu anakula umeme." Alikuwa akinitazama mimi. "Nampa mwezi huu mmoja. Asipoacha, namwita fundi akate waya. Turudi kwenye kandili, tuheshimiane."

Kwa mtu mwingine kandili si msiba. Kwangu ulikuwa msiba, kwa sababu nilikuwa nimeposa. Binti huyo alifundisha watoto wa madarasa ya chini. Nilikuwa nimezungumza naye mara chache, na kila mara nilirudi nyumbani nikiyachambua maneno yangu kama mchele. Wazazi wake walikuwa wakulima wa Mitwero, watu wa Kimwera wenye kushika mila. Mshenga wangu alipokwenda huko, ulimi ulimteleza kidogo kwa ufasaha, akawaambia kwamba binti yao ataingia nyumba isiyojua giza. Jibu lilikuwa bado halijarudi. Waya ukikatwa kabla ya jibu, mimi ni mwongo. Ukikatwa baada ya jibu, mimi ni tapeli. Nilikaa siku nyingi nikijaribu kuamua lipi ni afadhali.

Nilianza kwa kujishuku mwenyewe. Niliacha kusoma usiku. Kisha nikafikiri kwamba labda naamka usingizini nawasha taa, nikafunga kamba kati ya kidole cha mguu na kitanda. Nikawashuku mijusi waliotembea juu ya waya. Nikaushuku udongo wa Mtanda kwamba unanyonya umeme ukutani. Jumapili moja nilizima kila kitu nyumbani, nikaenda kuchuchumaa mbele ya mita nilitazame gurudumu lake dogo.

Mama mdogo alipita na ungo wake. "Umemkalia nani matanga hapo?"

"Naangalia kama umeme unavuja, mama."

"Weka beseni chini, basi. Ukijaa tutafulia."

Gurudumu lilikuwa limesimama kimya. Kwa hiyo hauvuji. Kuna mtu anautumia. Nikaanza kuzishika kichwani tarakimu za mita, asubuhi nikiondoka na mchana nikirudi. Siku nyingi ilisogea kwa adabu. Alhamisi iliruka kama mbuzi aliyekata kamba.

Na kulikuwa na jambo jingine la Alhamisi. Nikirudi kazini siku hiyo nilikuta globu ya chumbani kwangu imelegea, na meza yangu ina harufu ya nguo zilizopata joto. Hilo la globu nililipatia maelezo: malori ya mkonge yakipita barabarani yanaitikisa nyumba. Kwamba malori yalipita kila siku, na kwamba kutikiswa hakuipi meza harufu, sikutaka kuyasikiliza. Niliona pia kwamba buibui ametanda utando kwenye mdomo wa pasi ya makaa. Nilisimama hapo kitambo nikimfikiria buibui.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi nilimwomba ruhusa mkubwa wangu kwa sababu ya tumbo, na tumbo kweli lilikuwa likiuma. Nilifika nyumbani kabla ya adhuhuri. Baraza lilikuwa tupu, mlango umerudishwa, na gurudumu la mita lilizunguka hata sikuweza kuufuata ule mstari wake mwekundu. Nikafikiri: nikiukata umeme hapa penye swichi kuu, anayeutumia atajitoa mwenyewe. Sijui kwa nini sikufikiri zaidi, maana ndiyo siku pekee nilipopaswa kufikiri. Nikaishusha swichi.

Ndani ikasikika sauti ya mwanamke nisiyemtambua. "Umekufa."

"Haujafa," mama mdogo akajibu. "Umezimia tu. Ngoja kidogo, utazinduka."

Sauti zilitoka chumbani kwangu. Nikaingia, nikausukuma mlango. Meza yangu ilikuwa imetandikwa blanketi na shuka. Vitabu vilipangwa juu ya kitanda vizuri kuliko nilivyowahi kuvipanga mimi, na globu ilikuwa imelala juu ya mto kama yai. Kutoka pale inapofungwa globu, waya ulining'inia mpaka kwenye ile pasi ya umeme isiyoaminika. Mama mdogo alikuwa amekalia kiti changu. Aliyeshika pasi, mbele ya kanzu iliyotandazwa, alikuwa mama wa yule binti wa Mitwero. Nilikuwa nimewahi kumwona kwa mbali siku ya maulidi.

"Shikamoo, mama," nikasema. Ndilo neno pekee lililokuja.

Hakuitikia. Alivuta kanga ikamfunika uso mzima, akageukia ukuta, akabaki hivyo. Kisha akasema, taratibu, "Ewe mlango. Mwambie huyo aliyesimama kwako arudishe umeme. Kanzu ya mzee imepigwa upande mmoja."

Nilikwenda nikaipandisha swichi. Nilibaki pale pale, nikilitazama gurudumu likizunguka, na kila lilipozunguka niliona ndoa yangu inakwenda nalo. Hatimaye likapunguza mwendo, likasimama. Nikasikia mlango wa uani unafungwa. Mgeni alikuwa ameondoka bila kunipa hata marahaba.

Mama mdogo alitoka akifuta mikono.

"Amekasirika," nikamwambia.

"Nani?"

"Nimemsalimu hakuitikia. Amenigeuzia mgongo. Amezungumza na mlango."

Aliketi barazani, akauficha uso kwenye kanga, mabega yakamtetemeka. Nilidhani analia, hata akainua kichwa. "Mwanangu," akasema, "hao waliokufundisha huko hawana wakwe?"

"Mama, tafadhali."

"Sikiliza. Alitaka kuiona nyumba atakayoingia mwanawe. Hualikwi uje ukague nyumba ya watu, unaalikwa uje upige pasi. Kwa hiyo kila Alhamisi akija mjini hupita hapa na kanzu za kwao. Na chumba chenye meza ni chako. Amekikalia kitanda chako. Amezikagua kola zako. Ameniuliza kwa nini kijana ana vitabu vingi na soksi zake zina matundu. Sasa niambie, mama mkwe anaweza kuingia chumba cha mkwewe?"

"Hawezi."

"Anaweza kumtazama usoni, wakaulizana hali?"

"Hawezi. Hata njiani wanapishana kwa mbali."

"Je, angekuwa mgeni tu, ukamsalimu, angesemaje?"

"Angesema, 'Marahaba, mwanangu.'"

Akanitazama kama anayengojea sufuria ichemke. Nilikuwa karibu kumweleza kwamba huenda kanga ilimteleza na kwamba huenda ukutani kulikuwa na kitu, ndipo nikaelewa: amekwisha kunihesabu mkwe. Nikaketi.

"Ndiyo hivyo," akasema mama mdogo. "Na usimwambie baba yako. Ngoja mshenga alete jibu lake, naye apate cha kusema."

Kesho yake, baba mdogo akijiandaa kwenda msikitini, nilimtazama kwa mara ya kwanza kwa macho yanayoona. Kanzu yake ilikuwa imenyooka kama karatasi mpya. Kwa muda wote aliolalamikia mita alikuwa akiuvaa umeme uliopotea, na watu wakimsifu kwa unadhifu. Nikalitazama shati langu mwenyewe. Nilikuwa nimelivaa hilo hilo wakati nachuchumaa mbele ya mita.

Mshenga alileta jibu, wakakubali, na mama wa binti hakukanyaga tena chumbani kwangu, maana sasa haikuwezekana. Mita ikatulia. Msoma mita alimpongeza baba mdogo.

"Mmeona?" akatuambia kwenye sinia. "Nimetishia mara moja tu."

"Ulitutisha kweli, bwana," mama mdogo akasema, akimmegea samaki. Kanzu ya baba mdogo ya Ijumaa hiyo ilikuwa na doa la jivu begani, la pasi ya makaa.

Alhamisi iliyofuata nilirudi kazini nikaigusa globu. Ilikuwa imekaza. Meza haikunuka kitu, na vitabu vilikuwa vimetawanyika kama nilivyoviacha, nikajikuta nimesikitika kidogo. Juu ya kitanda kulikuwa na soksi zangu, zile ambazo nilikuwa nimezitafuta wiki nzima. Matundu yake yalikuwa yameshonwa kwa uzi wa bluu usiolingana nazo.

"Nani amezileta hizi?" nikamwuliza mama mdogo.

"Zimetoka Mitwero," akajibu kutoka uani. "Nimeagizwa niseme zimeletwa na mlango."