Watawa wa Zama za Kati Kibanjani kwa Mama

Kwenye kona ya chini ya kibanja chetu, shamba la migomba lenye nyumba yetu huko Izigo, palikuwa na msingi wa mawe uliomfikia mtu magotini. Wazee walisema watawa wawili wa Mtakatifu Fransisko, wenye kanzu za kahawia na kamba kiunoni, waliishi hapo kabla baba hajazaliwa, wakaugua homa, wakaondoka. Jiwe moja, kubwa kama kichwa cha ng'ombe, lilichongwa kamba yenye mafundo matatu. Mama alilikalia akimenya ndizi.

Vilipokuja vijiji vya ujamaa, tuliambiwa nyumba zote za mteremkoni zihamie barabarani. Mama alikataa. Baba alikuwa amezikwa kibanjani, na kwetu kaburi haliachwi peke yake liote nyasi.

"Wahame wenye magurudumu," alisema.

Mimi nilikuwa karani Bukoba mjini, nimepanga chumba Miembeni. Kati ya watoto wake ni mimi tu niliyefika sekondari, kwa hiyo aliniita nije nikitumie hicho kisomo.

Nikakitumia. Nilikuwa nimesikia kwamba mahali pa kale hapaguswi na serikali. Shida ni kwamba msingi wetu ulifanana na zizi la mbuzi. Mawe mengi majirani walikuwa wameshayachukua zamani, wengine kwa mafiga, wengine kwa kunolea panga. Nikapita nyumba hadi nyumba nikiyaazima.

"Unataka mafiga yangu?" aliuliza jirani yetu, mjane mwenye ulimi mkali. "Nipikie wapi, juu ya cheti chako?"

"Ni kwa siku chache tu, waitu," nilimbembeleza kwa heshima ya kwetu.

"Nitataka yaleyale matatu. Mengine hayaivishi maharage."

Mawe yalikuja. Nilipandisha ukuta, nikaweka mnara mfupi, na pembeni duara la mawe nililoliita kisima ingawa halikuwa na shimo. Yale ya mafiga yalikuwa meusi kwa masizi, basi nikaamua kwamba nyumba iliwahi kuungua.

Katibu wetu wa chama, aliyesimamia uhamisho, alifika kwa baiskeli. Alikuwa mtu mwema, mwepesi wa kuamini. Nikamtembeza kama mtu aliyezaliwa humo ndani.

"Hii, Ndugu Katibu, ni nyumba ya watawa ya Zama za Kati."

"Kati ya nini na nini?"

Shuleni hatukuulizwa hivyo. "Kati ya zile za kale na hizi zetu."

Aliinama, akanusa ukuta. "Mbona unanuka maharage?"

"Watawa wale walikuwa maskini sana, ndugu. Hawakuwa na kitoweo kingine."

Katibu alivua kofia. Machozi yakamlengalenga. "Kumbe tumelala juu ya historia! Hii ni mali ya taifa!"

Nilimgeukia mama kwa ushindi. Katibu akaendelea: mali ya taifa haikaliwi na mtu binafsi. Kibanja chote kitazungushiwa uzio, mtaalamu atatoka Dar es Salaam kuja kupima, na mama atahama kabla ya wote.

Mama alingoja baiskeli ipotee nyuma ya migomba.

"Wenzangu wanahamishwa na serikali," alisema. "Mimi nahamishwa na mwanangu."

Yeye ndiye aliyetoa rubisi, pombe yetu ya ndizi, akaita majirani, akawaambia kila mtu achukue jiwe lake aende nalo. Rubisi ilivyoingia, mawe yakazaa. Aliyeazimisha mawili aliondoka na manne.

"Hilo si lako!" nilimkemea mzee mmoja.

"Langu. Linanijua."

Jioni hapakuwa na mnara, wala ukuta, wala ule msingi wa kweli. Nikapanda machipukizi ya migomba mahali pake.

Mtaalamu alipokuja alikuta migomba na mama anayemkaribisha kinywaji. Katibu alizunguka kama aliyepotelewa na ng'ombe.

"Palikuwa na mnara hapa! Na kisima!"

"Kisima kimekwenda wapi?" aliuliza mtaalamu kwa upole.

"Na watawa walikula maharage!"

Alivyozidi kueleza ndivyo mtaalamu alivyozidi kumhurumia. Nami nilisimama pale, nimeshika bilauri. Tangu siku hiyo Katibu hakutaka tena kusikia habari za mteremko wetu, na mama hakuhama. Lakini Katibu watu walimwita Padri mpaka alipohamishwa yeye. Sikumwomba radhi. Nilijiambia nitamwandikia, na miaka ikapita.

Mama alifia nyumbani kwake, tukamlaza kando ya baba kama alivyotaka. Baada ya matanga nilianza kulitafuta lile jiwe la mafundo matatu, walau kitu kimoja cha watawa wale kisalie. Nililikuta jikoni kwa mjane, chini ya chungu, jeusi tii. Nilipokwangua masizi kwa kidole, fundo moja likatokea.

"Mama, hili ni la watawa," nilimwambia mjane.

"Uliniazima matatu, ukanirudishia mawili," alijibu bila kugeuka. "Hilo ndilo la tatu."

"Nitakuletea jingine."

"Na kisomo chako bado hujui? Mengine hayaivishi. Kaa hapo."

Nikakaa, akanipakulia. Maharage yalikuwa yameiva vizuri sana.